Baada ya Nukta Mkato

Ndege za kweli hupita juu ya paa letu hapa Mikindani,
chini chini, zikishuka kwenda uwanjani,
na vijiko kabatini vyagongana.
Yangu mimi imo ndani ya folda,
folda ndani ya folda ndani ya folda,
kama sufuria za karamu, kubwa imeimeza ndogo.

Mwakombo aliiunda kwa miaka minne:
injini mbili, viti kumi na tisa,
na faili moja ndefu ya kuielezea,
bawa, taa, tairi, kila kitu na tarakimu yake.
Alikuwa mpakiaji mizigo pale uwanjani.
Kupanda, hakuwahi kupanda hata moja,
ila alijua ndege ikishiba hukaa vipi.
Mwaka jana akapata kazi Doha,
mizigo ile ile, joto jingine.
Akaniachia flashi imefungwa uzi mwekundu.

Nami nikanunua kiigizi kipya.

Kumbe kila kiigizi na kibla chake!
Cha zamani chapima kwa futi na ratili,
kipya hakitaki ila mita na kilo.
Huku taa ya kwanza ni sifuri,
kule ya kwanza ni moja.
Mkwaju wa huku walalia kushoto, wa kule kulia,
na ukikosea mkwaju mmoja
ndege haioni rangi zake yenyewe,
yatoka kwenye banda nyeupe pepepe kama maiti.

Jaribio la kwanza ilizama hadi tumboni,
lami ikawa uji.
La pili iliruka kabla sijawasha injini
kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.
La tatu haikuja kabisa.
Nilitafuta tangu isha hadi karibu na alfajiri:
koma. Koma moja.

Ndipo nikaanza kuisoma faili kama barua,
pamoja na ile mistari isiyosomwa na mashine.
Tanguliza nukta mkato, programu itakupita bila salamu.
Huko ndiko alikokuwa akiishi Mwakombo.

; hapa usiguse, nimeipata kwa tabu
; gurudumu la pua ni jeuri
; stima imekatika tena. hii naandika mara ya pili
; mbona yafanya kazi sijui. usiulize

Na shehena ya nyuma, ndege ikiwa tupu,
haina abiria, haina hata gazeti:
ratili arobaini na nane na nusu.
Miaka yote nilidhani ni kosa la kidole.
Nikaigeuza kuwa kilo.
Ikaja ishirini na mbili, kamili.
Nikapandisha macho mstari mmoja:

; leo tumepakia jeneza dogo. karatasi yasema kilo 22
; nimelibeba peke yangu

Nilimpigia. Nyuma yake mkanda wa mizigo ukilia.
"Ah, tolea mbali hayo," akasema,
"nlikuwa nasema na mimi tu."
Kisha akaniuliza bei ya viazi vya karai siku hizi.

Kiigizi kipya hakijui nukta mkato,
chataka mikwaju miwili ndipo kifumbe macho.
Na kile kigeuzi nilichopakua
kilikuwa kimeyatema maneno yote, kikabakisha namba.
Nimeyarudisha kwa mkono, moja moja,
hata lile la stima,
hata pale alipokosea tahajia.

Usiku huu nimeondoka njia ya ishirini na moja.
Maji ya Port Reitz yapo,
daraja la Dongo Kundu halipo, kiigizi hakijapata habari.
Ndege yapanda vizuri.
Mkia wavuta chini kidogo.
Siurekebishi.